Kizingiti cha Shule ya Dawa

Msomaji wangu, kama umepata kufika Kyuso, kaskazini ya Kitui, wajua kwamba huko maji huthaminiwa kuliko fedha. Nchi ni kavu, yenye vilima vya mawe na miti ya miiba, na watu wake huishi kwa mbuzi, nyuki, mtama, mawele na ndengu, wakingoja mvua za vuli ambazo mwaka mmoja huja na mwaka wa pili husahau njia. Sasa nakuomba ufikiri mahali pamoja tu katika nchi hiyo, napo ni dirisha la dawa la hospitali. Mbele ya dirisha amesimama mama. Mgongoni ana mtoto mwenye homa, na mkononi ana karatasi iliyoandikwa na tabibu. Maandishi ya karatasi hayafahamu. Nyuma ya dirisha amesimama mtu aliyevaa koti jeupe. Atasoma, atahesabu, atapima, kisha atamwambia mama, "Mpe kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni." Mama ataamini. Hana njia nyingine ila kuamini.

Swali la insha hii limo katika dirisha hilo. Mtu yule wa nyuma ya dirisha awe amesoma kiasi gani kabla ya kuruhusiwa hata kuanza kufundishwa kazi yake? Wako wasemao kwamba elimu ya sekondari haitoshi, na kwamba shule za ufamasia zisimpokee mtu yeyote asiyekuwa na shahada ya kwanza ya chuo kikuu, shahada ya somo lolote la sayansi, ndipo aanze kujifunza dawa. Wako wengine wasemao kwamba sharti kama hilo ni ukuta uliojengwa mbele ya watoto wa maskini. Nitakuonyesha kwanza jinsi kizingiti cha shule hizo kilivyowekwa na kuinuliwa na vizazi vilivyotutangulia. Kisha nitakupa maoni yangu, nawe utakuwa huru kuyakubali au kuyakataa.

Tuanze nyumbani. Wakamba walijulikana tangu kale kuwa wawindaji hodari, na katika karne ya 19 misafara yao ilichukua pembe za ndovu kutoka Kitui mpaka pwani ya Mombasa. Silaha yao kubwa ilikuwa mshale wenye sumu. Sumu hiyo ilipatikana kwa kuchemsha vipande vya mti ambao wataalamu wa mimea huuita Acokanthera, hata maji yakawa mazito na meusi kama lami. Ikipakwa katika mshale, ncha ilifungwa utepe wa ngozi laini, ili sumu isikauke na isimdhuru mchukuzi wake. Basi fikiri ni elimu ya namna gani ilihitajika hapo! Ilimpasa mtu ajue mti upi na upi siyo, achemshe kwa muda gani, aihifadhi vipi, na nani asiruhusiwe kuigusa. Elimu hiyo haikuandikwa katika kitabu chochote. Kijana aliipata kwa kukaa karibu na mzee, kutazama na kunyamaza kwa miaka mingi.

Mwaka 1888 mtaalamu mmoja wa kemia wa Ufaransa, jina lake Arnaud, aliitenga asili ya sumu ya mti wa jamii hiyo, ikaitwa uabaini, jina lililotokana na neno la Kisomali. Katika karne iliyofuata madaktari wa Ulaya, hasa wa Ujerumani, waliitumia kwa kipimo kidogo mno kuusaidia moyo uliochoka. Kitu kilichomwangusha ndovu kilimwinua mgonjwa! Hapa ndipo penye shina la ufamasia wote. Dawa na sumu ni ndugu wa tumbo moja, na kipimo ndicho kinachowatenganisha. Mwenye kupima ameshika uhai wa mwenziwe katika mizani, na kwa hiyo kila taifa lililoendelea limejiuliza, mapema au kwa kuchelewa, nani apewe mizani hiyo.

Ulimwengu ulianza kujiuliza zamani sana. Katika karne ya 13 Mfalme Frederick wa Pili, aliyetawala Sicily, alitoa amri iliyotenga kazi ya tabibu na kazi ya mwuza dawa, ili yule aandikaye dawa asipate faida kwa kuiuza. Lakini kwa karne nyingi baada ya amri hiyo mlango wa kuingilia kazi ya dawa ulibaki kuwa ule ule wa mzee wa Kikamba, yaani kukaa miguuni pa fundi. Mvulana wa Ulaya au Marekani alipelekwa dukani kwa mwuza dawa, akafagia sakafu, akaosha chupa, akasaga majani na mizizi katika kinu, na baada ya miaka kadhaa akahesabiwa kuwa fundi. Akibahatika kupata bwana mwenye maarifa, alitoka na maarifa. Na akiangukia kwa bwana mjinga, alitoka na ujinga ule ule, ila sasa una heshima ya kazi.

Mwaka 1868 Chuo Kikuu cha Michigan, huko Marekani, kilianza kufundisha ufamasia kwa njia nyingine. Mwalimu wake, Albert Prescott, aliwaingiza wanafunzi katika maabara ya kemia wakashinda humo mchana kutwa, wala hakuwadai kwamba kwanza wawe wametumikia dukani. Jambo hilo liliwachukiza wakubwa wa kazi. Mwaka 1871 Prescott alipokwenda katika mkutano wa chama cha wafamasia wa Marekani, alikataliwa kuwa mjumbe, kwa hoja kwamba shule isiyodai utumishi wa dukani si shule ya ufamasia hata kidogo. Msomaji, lishike jambo hili katika kumbukumbu yako. Kizingiti cha kwanza kilichotetewa kwa ukali kilikuwa utumishi, wala hakikuwa shahada. Na waliokitetea waliapa kwamba pasipo hicho wagonjwa wataangamia. Walikosea. Njia ya Prescott ndiyo iliyoshinda, na leo hakuna nchi inayomsajili mfamasia ambaye hakupita katika maabara.

Baada ya hapo kizingiti kiliinuliwa ngazi kwa ngazi. Mwaka 1932 shule za ufamasia za Marekani zilifanya masomo ya miaka 4 kuwa lazima. Mwaka 1960 yakawa miaka 5. Na mwaka 2000 shahada ya udaktari wa famasia ikawa ndiyo njia ya pekee ya kuingilia kazi hiyo kwa wanafunzi wapya. Hata hivyo, shule nyingi za huko hazidai shahada kamili kabla ya kuingia. Hudai masomo ya chuo ya miaka 2 au zaidi, katika kemia, baiolojia, hesabu na mengine ya msingi, ingawa wanafunzi wengi huja na shahada mkononi kwa hiari yao. Uingereza nayo humpokea mwanafunzi aliyemaliza masomo ya juu ya sekondari, kisha humfundisha miaka 4 katika chuo na kumweka mwaka mmoja chini ya uangalizi. Basi hata katika nchi zenye mali nyingi, sharti la shahada ya kwanza halikuwa kanuni ya wote.

Walakini katika utabibu sharti hilo lilijaribiwa, na yafaa tuone matunda yake. Mwaka 1893 Chuo cha Utabibu cha Johns Hopkins, katika mji wa Baltimore, kilifunguliwa kwa sharti la shahada ya kwanza. Fedha za kukifungua zilipungua, na aliyeziongeza alikuwa mwanamke, Mary Elizabeth Garrett, binti wa tajiri wa reli. Alitoa mali yake kwa masharti mawili makubwa: kizingiti kiwe juu, na wanawake wapokewe sawasawa na wanaume. Inasimuliwa kwamba mmoja wa maprofesa wa kwanza, William Osler, alimtania mwenziwe kwamba ni bahati yao kuingia humo kama walimu, maana kama wanafunzi wasingalipokewa! Chuo hicho kilitoa matabibu bora, kikawa kielelezo. Hapa watetezi wa shahada wana haki ya kujivuna, na mimi siwapokonyi haki hiyo.

Lakini soma ukurasa wa pili. Mwaka 1910 Abraham Flexner alitoa taarifa juu ya vyuo 155 vya utabibu vya Marekani na Kanada alivyovikagua. Vingi vilikuwa aibu tupu, havina maabara, havina wagonjwa wa kujifunzia, vina ada tu. Taarifa yake ilisaidia kuvifunga, na hapana shaka watu wengi waliokolewa na mikono ya wajinga. Lakini katika kufunga huko vilifungwa pia vyuo vya watu weusi. Vilikuwako 7, kufikia mwaka 1923 vilibaki 2 tu, Howard na Meharry. Jamii nzima iliyokatazwa kuingia katika vyuo vingi vya weupe iliachwa na milango miwili. Kizingiti kiliinuliwa kwa jina la mgonjwa, na wako wagonjwa waliokosa tabibu kwa sababu hiyo hiyo. Ukitaka kupima sheria yoyote ya elimu, usitazame wale walioingia peke yao. Watazame na wale waliobaki nje, na uulize nani aliwangoja nyumbani.

Sasa turudi Afrika Mashariki, maana historia ya kwetu ina funzo lake. Hospitali ya wenyeji ya Nairobi, ambayo leo ni Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ilianzishwa mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilianza kuwafundisha Waafrika kazi za hospitali huko, na mafundisho hayo ndiyo shina la Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya. Walifundishwa kufunga vidonda, kuchanganya dawa na kupima damu. Wanafunzi waliingia wakiwa na elimu ndogo ya shule, kwa kuwa shule zenyewe zilikuwa chache. Waliotoka humo ndio waliopelekwa katika zahanati za mbali, nao wakawa ndio "daktari" pekee ambaye mwanakijiji alimjua maishani mwake.

Huko Makerere, Uganda, mafundisho ya utabibu yalianza katika miaka ya 1920. Vijana wa Uganda, Kenya na Tanganyika walisoma miaka mingi, lakini walipohitimu waliitwa wasaidizi wa daktari wa Kiafrika. Walifanya kazi ya daktari bila jina lake, na kwa mshahara ulio mbali na wa mwenzao Mzungu. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba elimu yao haikulingana na ya Uingereza. Iliwabidi kungoja mpaka mwaka 1957 ndipo baraza la matabibu la Uingereza lilipokubali cheti chao. Funzo hili ni la upande wa pili, nami nalieleza ili nisikufiche kitu. Mlango ukiwa chini mno, yule apitaye humo huweza kudharauliwa maisha yake yote. Na mkubwa asiyependa usawa huweza kusema kwamba elimu duni yawatosha watu duni. Kwa hiyo asemaye kwamba mtoto wa Kyuso aingie kwa elimu hafifu kwa sababu ni wa Kyuso, huyo si rafiki wa Kyuso.

Mwaka huo huo wa 1957, tarehe 1 Mei, sheria ya ufamasia na sumu ilianza kutumika nchini Kenya. Tazama jina lake, famasia na sumu pamoja, kama mzee wa mishale angaliulizwa ushauri! Sheria hiyo iliweka Bodi ya Famasia na Sumu, ambayo hata leo husajili wafamasia, hukagua maduka ya dawa ambayo wengi tunayaita kemisti, na humzuia asiyesajiliwa kufanya kazi hiyo. Lakini sheria ilitangulia shule. Mkenya aliyetaka kuwa mfamasia mwenye shahada ilimpasa asafiri ng'ambo. Mwaka 1974 ndipo Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha idara ya famasia, na mwaka huo huo mafundisho kama hayo yakaanzishwa Muhimbili, Dar es Salaam. Makerere ilifuata mwaka 1988.

Wanafunzi wa kwanza wa Nairobi waliingiaje? Waliingia baada ya kidato cha sita. Siku hizo kijana wa Kenya alisoma miaka 7 ya msingi, miaka 4 ya sekondari, kisha miaka 2 ya masomo ya juu, ambapo mwenye nia ya sayansi alisoma kemia, baiolojia na fizikia au hesabu kwa kina. Mwaka 1985 utaratibu wa miaka 8, 4 na 4 ulianzishwa, na mwaka 1989 kidato cha sita kikafikia mwisho wake. Tangu hapo kijana alitoka kidato cha nne akaenda moja kwa moja chuo kikuu, na yale ya msingi hayakuwa na budi kufundishwa ndani ya chuo chenyewe. Leo shahada ya famasia Kenya ni ya miaka 5, kisha mwaka 1 wa kazi chini ya uangalizi. Tangu mwaka 2017 mtaala mwingine umekuwa ukiingia darasa baada ya darasa, nao una miaka 3 ya sekondari ya juu ambapo mwanafunzi huchagua njia ya sayansi au nyingine.

Ukiyatazama mabadiliko haya yote utaona jambo moja. Hakuna aliyepata kukataa kwamba mfamasia ahitaji msingi wa sayansi kabla ya kujifunza dawa. Waingereza waliuweka msingi huo katika sekondari ya juu. Wamarekani katika miaka miwili ya chuo. Kenya iliuweka kidato cha sita, kisha ikauhamishia chuo kikuu. Hoja iliyobaki ni hii: msingi huo ujengwe wapi, na nani alipe gharama yake? Sharti la shahada ya kwanza ni jibu mojawapo la swali hilo, nalo ni jibu la ghali kuliko yote.

Tufanye hesabu pamoja, maana hesabu haina upendeleo. Leo kijana anayemaliza sekondari akiwa na miaka 18 aweza kusajiliwa kuwa mfamasia akiwa na miaka 24. Tukimtaka kwanza apate shahada ya sayansi ya miaka 4, atakuwa na miaka 28. Hiyo ni miaka 4 ya ada, ya chumba cha kupanga mjini, ya chakula na ya nauli. Kwa mtoto wa tajiri wa Nairobi ni kuchelewa tu. Kwa mtoto wa Kyuso ni mbuzi wote wa zizi, na baada yao shamba, na baada ya shamba masomo ya wadogo zake. Mzazi ambaye mvua imemnyima mavuno misimu mitatu hatauliza kama mwanawe ana akili za kutosha. Atauliza kama ana miaka minne mingine ya kutoa. Na atakayejibu swali hilo ni mvua.

Hoja ya watetezi wa shahada, hata hivyo, ni kubwa, nami siwezi kuikwepa. Wao husema: mtu mzima aliyesoma sana hafanyi makosa ya kitoto, dawa za leo ni nyingi na kali, nazo hupigana zenyewe kwa zenyewe katika mwili wa mgonjwa, na ukosefu wa elimu huua. Kweli, huua. Lakini historia yatwambia pia kwamba elimu peke yake haizuii kifo. Mwaka 1937, huko Marekani, kampuni moja ilitaka kutengeneza dawa ya maji, tamu, kwa ajili ya wale wasioweza kumeza vidonge. Mkemia wake, mtu mwenye elimu ya kutosha, aliiyeyusha dawa katika kimiminika kilichokuwa sumu. Ikapimwa rangi yake, ikapimwa ladha yake na harufu yake. Haikupimwa kama yaua. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwamo watoto. Sheria ya wakati huo haikumlazimisha mtu kupima usalama wa dawa kabla ya kuiuza. Ilibadilishwa mwaka 1938, baada ya makaburi kuchimbwa.

Mkemia yule hakukosa masomo ya awali. Ungalimwongezea shahada nyingine mbili mbele ya jina lake, wala zisingalimwokoa mtoto hata mmoja. Kilichokosekana kilikuwa sheria ya kumwamuru apime, na mtu mwingine wa kumkagua. Ndiyo maana nasema kwamba mlinzi wa mama yule wa dirishani Kyuso hasimami kizingitini peke yake. Walinzi wake ni wengi: mwalimu ndani ya shule, maabara yenye vifaa, mtihani wa mwisho usionunuliwa, mwaka wa kazi chini ya jicho la mkubwa, bodi inayokagua, na dhamiri ya mwenye kupima. Taifa likiwasahau hao wote, kisha likainua kizingiti peke yake, litakuwa kama mtu aliyeweka komeo la chuma katika mlango wa nyumba ya nyasi.

Yapo pia mambo ya mahali. Kenya ina ngazi mbili za watu wa dawa: mfamasia mwenye shahada, na mtaalamu wa famasia mwenye stashahada ya miaka 3, kama itolewayo na Chuo cha Mafunzo ya Utabibu. Mwenye kuitafuta shahada yampasa awe amepata angalau C na alama ya kujumlisha katika mtihani wa kidato cha nne, na kwa kweli hushindania nafasi kwa alama za juu zaidi. Mwenye kuitafuta stashahada huingia kwa C. Katika hospitali na zahanati za mbali, yule wa stashahada ndiye mara nyingi anayesimama dirishani. Tukiifanya njia ya shahada kuwa ndefu kwa miaka minne zaidi, wafamasia watakuwa wachache zaidi, nao wachache hukaa mijini palipo na mshahara na umeme. Dirisha la Kyuso halitapata mtu mwenye shahada mbili. Litabaki na yule yule wa leo, akiwa na wakubwa wachache zaidi wa kumshauri. Au litafungwa, na mama atakwenda kununua dawa kwa mchuuzi wa sokoni, ambaye hakudaiwa cheti chochote.

Basi maoni yangu ni haya. Shule za ufamasia zisidai shahada ya kwanza. Zidai msingi wa kweli wa sayansi, upatikane sekondari au katika mwaka wa kwanza wa chuo, na zisilegeze msingi huo kwa ajili ya mtoto wa waziri wala kwa huruma ya mtoto wa mchungaji mbuzi. Mwenye shahada ya sayansi akija, apokewe, na yale aliyokwisha kuyasoma yahesabiwe. Mwenye stashahada aliyefanya kazi kwa uaminifu dirishani naye afunguliwe njia ya kupanda mpaka shahada, maana huyo amepata pamoja mambo mawili yaliyogombaniwa mwaka 1871, utumishi na maabara. Na shule za sekondari za nchi kavu zipewe maabara na walimu wa kemia, kwa sababu kizingiti cha haki kisicho na ngazi mbele yake ni dhuluma iliyopakwa chokaa.

Naweza kukosea. Huenda siku moja elimu ya dawa itakuwa pana kiasi kwamba miaka mitano haitatosha, na wajukuu wetu watacheka insha hii kama sisi tunavyowacheka waliomkataa Prescott. Siku hiyo ikifika, kizingiti na kiinuliwe. Lakini kabla ya kukiinua, mwenye kukiinua aende kwanza akasimame foleni Kyuso.

Nawe msomaji kijana, ambaye labda unasoma haya kwa taa ya jua baada ya kufunga mbuzi, usidhani kwamba nimekutetea ili usome kidogo. Nimekutetea ili usome sana mahali panapostahili. Siku utakapopewa mizani, hakuna atakayekuuliza uliingia shuleni kwa mlango upi. Mama atakupa karatasi asiyoifahamu, atakutazama usoni, kisha atainyosha mikono yake apokee utakachompa.